KASUMBA YA KISU KINACHONG'AA

Ndugu wana-Chama wa Bukoba na Muleba, leo sitaki kusema habari za uchaguzi wala za mishahara ya wakubwa. Nataka kusema habari za kisu. Wako watakaocheka. Na wacheke! Mtu asiye na kisu chake hukatiwa chakula na wengine, na hula kipande anachopewa. Watu wasiojua kuchagua kisu watachaguliwa na mengine makubwa zaidi.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, asije akatokea mtu kusema nawanyoshea wenzangu kidole na huku mimi ni safi.

Miaka kadhaa iliyopita nilihitaji kisu kirefu cha kazi, cha kupogolea migomba na cha kuingia nacho porini. Mhunzi wa jirani zetu aliniambia, "Ningoje siku tatu, nitakufulia." Sikungoja. Niliingia duka moja mjini nikaona kisu kinang'aa kama kioo, mpini wa plastiki nyekundu, kimefungwa katika karatasi yenye maandishi ya kigeni na picha ya simba. Nikanunua. Nikapita nacho mbele ya kibanda cha mhunzi nikijiona bwana mkubwa. Yule mzee alikitazama, akakigonga kwa ukucha, akanirudishia bila neno.

Haukupita muda mrefu mnyauko wa migomba ukafika kwetu. Bwana shamba alituita akatuambia jambo moja wazi: ugonjwa huu hutembea na makali. Ukikata mgomba mgonjwa kisha ukakata mzima kwa kisu kile kile, umeupanda ugonjwa kwa mkono wako. Basi, baada ya kila shina, pitisha kisu motoni mpaka kisishikike kwa kidole, ndipo uende shina la pili. Nikafanya hivyo. Katika shina la pili mpini wa plastiki ukaanza kulainika na kunuka. Katika shina la nne ukapinda. Nikajiambia, "Mgomba mmoja tu, hauna neno." Nikauruka moto.

Ndugu zangu, kabla msimu haujaisha niling'oa mashina kumi na saba katika kibanja alichoniachia baba yangu. Ukipasua shina, usaha wa manjano unatoka. Mkungu unaiva kabla ya wakati wake, na ndani ya ndizi mmeoza. Mke wangu alisimama pembeni hakusema kitu. Anayesema kisu hakina siasa na aje asimame pale aliposimama mke wangu.

Kisu chenyewe nilimpa mpwa wangu, anayekwenda na wavuvi upande wa Bumbire. Siku moja kamba ya wavu ilimshika mguu. Akavuta kisu aikate. Bapa likachomoka likazama ziwani, naye akabaki na kipande cha plastiki mkononi. Mwenzake ndiye aliyeikata kamba ile. Tulipokitazama kile kipini tukaona siri yake: chuma kilichoingia ndani hakikuzidi urefu wa kidole gumba.

HATUKUZALIWA JANA KATIKA KAZI YA CHUMA

Kosa langu lilikuwa nini? Si umaskini, kwa maana fedha nilikuwa nazo. Si ukosefu wa mafundi, kwa maana mhunzi alikuwa hatua mia kutoka mlangoni kwangu. Kosa langu lilikuwa kasumba: ile imani kwamba kinachotoka mbali na kung'aa ni bora, na kilicho cheusi chenye alama za nyundo ya jirani ni cha kishenzi.

Nani aliyetufundisha imani hiyo? Nendeni Katuruka, pale Maruku. Pana mahali panapoitwa Kaiija, na maana ya jina hilo ni mahali pa kufulia chuma. Nendeni Ghuba ya Kemondo. Katika nchi hiyo wachimbaji wa mambo ya kale waliyakuta mashimo ya matanuri na mavi ya chuma ya wazee wetu, ya miaka zaidi ya 1,400 iliyopita. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, ambao kazi hiyo waliiacha ujana wao ulipopita, waliombwa wajenge tanuri tena kama walivyofundishwa na baba zao. Wakachimba shimo, wakalipaka udongo wa kichuguu, wakalijaza majani ya kinamasi yaliyochomwa yakawa makaa, wakainua ukuta juu yake, wakaweka mivukuto na mirija ya udongo, wakatia mkaa na mtapo. Chuma kikatoka! Tena si chuma laini tu, bali chenye chembe za makaa ndani yake, yaani chuma cha pua, kile kinachoshika makali.

Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery, wataalamu wa Kimarekani, waliiandika habari hiyo katika jarida la Science, na dunia ikashangaa. Baadaye wataalamu wengine walibishana nao juu ya namna hewa ilivyopata moto ndani ya mirija, na ubishi huo ni wao. Lakini tanuri liliwaka mbele ya macho ya watu, na chuma walikishika kwa mikono.

Basi ufundi huo ulikwenda wapi? Mjerumani alisimika boma lake Bukoba mwaka 1890. Nyuma ya bendera ikaja bidhaa. Chuma cha Ulaya kilishuka pwani kwa bei ndogo, kikapanda mpaka ziwani, na tanuri la mzee likazimika kwa sababu hakuna aliyelinunulia mkaa. Mhunzi alibaki na nyundo, lakini chuma akakiokota katika mabaki ya wengine. Hakuzimwa na bunduki. Alizimwa na duka.

Wazee wa Muleba wanakumbuka jambo jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza ilitoa amri zake juu ya migomba, na watu wa boma wakaingia vibanjani. Ali Migeyo akasimama Kamachumu kuwasemea wakulima. Mkutano ukatawanywa kwa mabomu ya machozi, naye akatiwa gerezani. Watu wale walikataa makali ya mgeni yasiingie kwenye migomba yao kwa nguvu. Sisi wana wao tunayaingiza kwa hiari, tena tunayalipia.

WENYEWE WANAMTAFUTA MHUNZI

Na sasa sikieni kichekesho. Huko Ulaya na Marekani wako watu wengi leo wanaokwenda msituni kwa mapumziko. Wanalala chini ya miti, wanachonga vijiti, wanawasha moto bila kibiriti. Na wengi wa watu hao, wakitaka kisu cha porini, hawataki kile kinachotolewa na mashine kwa maelfu. Wanamtafuta mhunzi mmoja anayejulikana kwa kazi yake, wanangoja miezi, wanalipa fedha nyingi, na kisu kikifika chenye alama za nyundo wanajivunia alama zile!

Yaani yule tunayemwiga ameondoka katika kiti alichokuwa amekalia, nasi ndio kwanza tunakigombania. Mkataa kwao mtumwa, walisema wahenga.

JINSI YA KUCHAGUA

Lakini kusema "nunua cha kwetu" na kunyamaza ni porojo. Mhunzi naye ni binadamu. Yuko mkweli na yuko mwongo. Mwana-Chama anayekwenda kununua kisu na aende na macho yake. Nimejifunza haya kwa yule mzee niliyempita kwa kiburi, baada ya kurudi kwake na kumwomba radhi.

Kwanza, uliza chuma kimetoka wapi. Kisu kizuri cha kwetu hufuliwa kwa springi ya gari, zile bapa zinazobeba mzigo wa lori. Chuma hicho kina nguvu na kinakubali kukazwa. Nondo ya kujengea haikubali; hata ukiichovya mara kumi itabaki laini, na makali yake yatapinda kwenye shina la kwanza. Anayekuuzia nondo kwa bei ya springi anakuibia. Unaweza kumjua kwa cheche: chuma cha springi kikiguswa kwenye jiwe la mashine hurusha cheche zinazopasuka kama nyota, na nondo hurusha mistari mirefu isiyopasuka sana.

Pili, uliza kimekazwaje. Chuma hupashwa moto mpaka sumaku inakiacha, hapo hapo hukatiza moto kwa kuchovywa. Springi na ichovywe katika mafuta. Maji huipoza kwa ghafula mno na mara nyingi huipasua. Kisha, na hapa ndipo wavivu wanapokimbia, kisu lazima kirudishwe motoni polepole mara ya pili, kipunguze ukali wa kukazwa kwake. Fundi hukisugua kikawa cheupe, akatazama rangi inayopanda. Kikifika rangi ya majani makavu kitakuwa na makali ya kudumu, kinafaa kisu kidogo. Kikifika zambarau na kuelekea buluu kitakuwa kivumilivu, kinafaa kile cha kupiga na kukata mashina. Kisiporudishwa motoni kitavunjika kama chupa.

Tatu, kijaribu mbele yake. Pitisha tupa kwenye makali: ikiteleza, chuma kimekazwa, ikiuma kwa urahisi, ni laini. Kisha mwambie fundi abonyeze makali kwa ubavu juu ya msumari. Yakiinama kidogo na kurudi, lipa. Yakibaki yameinama, mrudishie. Yakimeguka, mrudishie pia. Fundi wa kweli hachukii jaribio. Wengine wanalifanya kabla hujaomba.

Nne, tazama msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia katika mpini. Hapa ndipo mpwa wangu alipokaribia kufa. Msuka mzuri hufika mwisho wa mpini au karibu na mwisho, umefungwa kwa misumari ya kupigwa pande mbili, au umekunjwa nyuma na kuzuiwa kwa pete ya chuma mbele. Kisu cha porini hakikunjwi na hakina bawaba. Nguvu zake zote ni kipande kimoja kutoka ncha mpaka kitako. Mpini na uwe wa mti mgumu uliokauka, mpera kwa mfano. Mti mbichi husinyaa, na mpini hulegea kabla ya miezi miwili.

Tano, ujue kazi yake. Kwa migomba tunao muhoro wetu wenye shingo iliyopinda, wala hakuna mgeni aliyetuletea ulio bora kuliko huo. Kwa majani ya rweya lipo panga. Kwa mtu wa porini, mchungaji, mrina asali, mvuvi, kijana anayelala visiwani, bapa la sentimita 10 hadi 13 linatosha, mgongo mnene kama milimita 4, likishuka kwa usawa mpaka makali membamba. Kisu kinene kila mahali ni shoka lisilo na mpini. Kisu kirefu kupita kiasi ni cha kutishia watu, na sisi hatuna haja nacho.

Sita, usikipokee bila ala. Kisu kisicho na ala humkata mwenyewe na mtoto wa mwenyewe. Ngozi nene, iliyoshonwa vizuri upande wa makali, inatosha.

Na mwisho ujue ya kwamba kisu hiki kitashika kutu ukikiacha. Bukoba yetu hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Hata kikombe kinalia maji. Kifute, kipake mafuta, kiweke pakavu. Utomvu wa ndizi utakifanya cheusi. Usione haya kwa weusi huo, wala usikisugue kwa mchanga kila Jumapili ili kifanane na kijiko cha mgeni.

MOTO NDIO MTIHANI

Sasa turudi kwenye migomba. Taarifa za kwanza za mnyauko katika nchi yetu zilitoka hapa Kagera, wilayani Muleba, mwaka 2006. Kituo cha utafiti kilichotuhangaikia kiko Maruku, jirani na pale pale Katuruka penye matanuri ya wazee. Wataalamu wametuambia: ng'oa shina lenye ugonjwa, kata ua dume kwa kijiti chenye panda bila kutumia kisu, na kila chuma kinachokata kipite motoni au katika dawa ya kuua vijidudu.

Kwa hiyo kisu cha Mhaya wa leo lazima kiwe kisu kinachovumilia moto. Mpini wa mti na msuka mrefu huvumilia, plastiki haivumilii. Makali yaliyorudishwa mpaka zambarau huvumilia mwali wa majani makavu bila kupoteza nguvu. Lakini usikiache kisu mpaka kiwe chekundu, kwa maana hapo umeifuta kazi yote ya fundi. Kikikosa kushikika kwa kidole, kimetosha. Ukitumia dawa ya dukani, kisuuze na ukipake mafuta, maana dawa ile hula chuma. Na kama umekosea ukakiunguza, mhunzi wako yuko jirani, atakikaza upya. Jaribu kukirudisha cha dukani kule kilikotoka!

TUNAWASHITAKI

Tunawashitaki wafanyabiashara wanaoleta bati lililopakwa nikeli na kuliita kisu. Hatusemi kila kitu cha nje ni kibaya. Yako mapanga ya nje yaliyomaliza maisha ya mtu mzima shambani bila kuvunjika. Tunasema juu ya uchafu unaoletwa kwa sababu mnunuzi anadhaniwa ni mjinga.

Tunawashitaki wale wanaosimama majukwaani wakihubiri kujitegemea, kisha zana za mafunzo ya wakulima zinapohitajika wanaandika hati ya kuagiza mbali. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 nchi ilijenga viwanda vya zana, Ubungo na Mbeya, na majembe na mapanga yake yalifika mpaka huku. Viwanda vile vilipoyumba, je, mhunzi wa kijiji aliitwa azibe pengo? Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu wa namna hiyo hiyo. Nani katika wenyeviti wetu amempeleka mhunzi mmoja mlangoni pake?

Na tunawashitaki wahunzi wenyewe, ndugu zetu. Wako wanaofua nondo na kuapa ni springi. Wako wanaochukua fedha ya kwanza na kutoroka siku ya tatu. Wako wanaokataa kumfundisha kijana asiye wa nyumba yao, na ufundi unazikwa pamoja nao. Mhunzi wa namna hiyo ni wakala wa duka bila mshahara, kwa maana kila anayemdanganya humkimbiza kwenye kisu kinachong'aa.

WATASEMA NI GHALI

Najua jibu litakalokuja: "Cha mhunzi ni ghali, mimi ni maskini." Ndugu yangu, mimi nilinunua cha bei ndogo. Kilinigharimu mashina kumi na saba, na kidogo kinigharimu mtoto wa dada yangu. Kisu kilichonichukua nafasi yake nimekitumia miaka tisa. Kimebadilishwa mpini mara moja na kukazwa upya mara moja. Maskini ndiye asiyeweza kununua kitu kibaya, kwa maana hana fedha ya kununua mara ya pili.

Mwingine atasema, "Mhunzi hachelewi? Duka liko wazi leo." Ni kweli. Basi agiza mapema. Mtu anayejua msimu wa kupogoa huenda kwa mhunzi kabla ya msimu.

TUFANYE NINI?

Kila tawi la Chama, Bukoba na Muleba, na lijue wahunzi wa eneo lake kwa majina. Wahunzi na wajiunge katika ushirika, wanunue springi na mkaa kwa pamoja, na kila mmoja apige alama yake juu ya bapa, ili kisu kizuri kimsifu na kibaya kimuaibishe. Halmashauri zetu zinaponunua visu vya mafunzo ya mnyauko, ziwaite hao kwanza, zijaribu kazi yao kwa tupa na msumari, zikubali kilicho kizuri na kukataa kibaya. Vijana wanaofundishwa ufundi wa vyuma mjini wakae pia mwezi mmoja mbele ya fuawe la mzee. Nasi wanunuzi tuache kuona haya.

Juzi nilipita tena kwa yule mhunzi. Mjukuu wake alikuwa akivuta mvukuto, na kijana mmoja kutoka kijiji cha pili alikuwa amesimama mlangoni na kipande cha springi begani, anaomba afuliwe kisu cha kwendea Goziba. Mzee akamwuliza, "Utangoja siku tatu?" Kijana akasema atangoja.

Ndugu, na sisi tungoje siku tatu. Uhuru na Kazi!